Tumbo la asubuhi

Langoni, Lamu
Mwisho wa Disemba

Shoga yangu Mama Nuru,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifikia jana, na pale uliposema mwana anatapika kila akiona sare imepigwa pasi, moyo umeniuma. Shule ziko karibu kufunguliwa, ndiyo maana sikungoja kukujibu.

Nakuomba sana usimwambie anajisingizia. Mwaka jana kijana wangu alikuwa na tumbo kila asubuhi. Mahamri hayagusi, chai inapoa mbele yake. Jumamosi mzima wa afya, kutwa yuko majini. Nikamwona mvivu, nikamkaripia, na hadi leo najuta, kwa maana tumbo lile lilikuwa likiuma kweli. Hofu humsokota mtoto matumbo. Halafu nikamwonea huruma, nikamweka nyumbani siku tatu. Ya nne alilia kuliko ya kwanza. Shule ilikuwa imezidi kumtisha.

Kilichomfungua kinywa ni usiku mmoja stima ilipopotea. Tulikuwa tumejilaza juu darini, kaskazi inavuma, hatuonani nyuso. Sikumuuliza anaogopa nini. Nilimwambia, "Nihadithie siku yako, tangu unapoingia getini." Akahadithia polepole mpaka akafika chooni, akanyamaza. Mlango hauna komeo. Wakubwa waliufungua siku moja wakamcheka, na tangu siku hiyo hanywi maji shuleni, anajibana mpaka arudi nyumbani. Miezi miwili, shoga, nami sijui!

Nilikwenda kwa mwalimu wa darasa, tukapatana awe akienda na rafiki yake, mmoja anashika mlango. Komeo lilikuja baadaye. Tumbo halikuisha siku ile, lakini maji alianza kunywa.

Sasa huyo wako anaingia gredi ya saba. Tangu 2023 shule ya junia, yaani gredi ya saba hadi ya tisa, imewekwa mumo humo katika shule za msingi, kwa hiyo kama habadilishi shule, uwanja anaujua. Kigeni ni walimu, kila somo na wake. Mpeleke kabla ya kufungua, akaone darasa na amwamkue hata mwalimu mmoja. Na kulala kwa likizo huko, usiku wa manane, anza kukurudisha nyuma leo, kidogo kidogo.

Getini usikawie. Wangu alikuwa akishika pindo la buibui, nami nikisimama, kilio kinazidi. Siku hizi namwambia saa tisa na nusu nitakuwa chini ya mwarobaini, nambusu, naondoka. Na saa tisa na nusu niko pale, iwe jua iwe mvua.

Kutapika kukiendelea wiki mbili tatu baada ya kufungua, mpeleke kwa daktari, usione haya.

Nimempa jirani anayekuja huko Jumapili kopo la achari ya maembe, la mwana hilo. Akikuhadithia siku yake, niandikie alinyamazia wapi.

Shogayo,
Mama Faiza