Mzigo kuwa na bima ni nusu ya habari

Ndugu Mhariri,

Kila meli ya mizigo inapowaka moto au kupanda mwamba, habari zenu humtuliza msomaji kwa maneno yaleyale: "mizigo ilikuwa na bima." Naomba nafasi niseme kwamba maneno hayo bado hayajatuambia kitu. Mimi ni karani wa madai katika kampuni ya bima, upande wa mizigo. Wasio na bima hawafiki mezani kwangu. Wanaofika, na wengine kuondoka wamenuna, ni wenye bima, tena wenye karatasi zilizopigwa mihuri vizuri kabisa.

Swali la kuuliza ni bima ya masharti gani. Sehemu kubwa ya dunia hutumia masharti ya mizigo yaliyotungwa London, yakatolewa mwaka 1982 na kurekebishwa mwaka 2009. Yako matatu, nayo hutambulika kwa herufi A, B na C. Herufi hiyo imo ndani ya cheti chako cha bima, aghalabu imebanwa katikati ya maandishi mengine, na ndiyo itakayoamua kama utalipwa. A ndiyo pana: inalipa upotevu au uharibifu wowote, ila ule uliotajwa kwamba haulipwi. B na C zimekaa kinyume chake, kwamba zinalipa yaliyotajwa tu. Katika C utakuta moto na mlipuko, meli kukwama, kuzama au kupinduka, kugongana, lori kupinduka au treni kuacha reli, mzigo kushushwa kwenye bandari ya kukimbilia wakati wa dharura, na mzigo kutupwa baharini. B inaongeza tetemeko la ardhi, volkano na radi, mzigo kuzolewa na mawimbi kutoka sitahani, maji ya bahari, ziwa au mto kuingia melini au ndani ya kontena, na furushi zima kupotea kwa kudondoka wakati wa kupakia au kupakua.

Wizi haumo kwenye C. Haumo kwenye B pia. Nimewahi kulisema hilo mbele ya mteja akadhani namtania.

Sasa, ni nani aliyemchagulia C? Mara nyingi ni muuzaji. Waagizaji wengi wanaijua CIF na wanaipenda, maana bei inakuja ikiwa imejumlisha bidhaa, nauli ya meli na bima, na mtu anaona amemaliza. Lakini chini ya Incoterms 2020, ambazo ndizo kanuni za Chama cha Wafanyabiashara cha Kimataifa kuhusu nani anabeba gharama na hatari ya nini, muuzaji wa CIF anawajibika kukata bima ya kiwango cha chini tu, yaani C. Akikata C ametimiza wajibu wake na huna pa kumlaumu. Kinachouma zaidi ni kwamba hatari ya mzigo inakuhamia wewe mnunuzi pale tu unapopakiwa melini kule unakotoka. Yeye anachagua bima, wewe ndiye unayebeba hasara njia nzima. Ukinunua kwa CIP, mpango mwingine ambao muuzaji hulipia usafiri na bima, anatakiwa kukata A, ila tu kama hamkukubaliana vingine. Kwa hiyo anayenunua kwa CIF aandike kwenye mkataba kwamba anataka A na alipe tofauti. Au anunue bila bima ya muuzaji, akate yake kwa kampuni atakayoweza kuifuata ofisini.

Herufi hizo zinavyofanya kazi ngoja nizionyeshe kwenye katoni za viatu. Kontena linafunguliwa, safu ya juu imelowa, katoni zimelegea na gundi imeachia. Mwenye mzigo anaona maji. Mkaguzi wa hasara anajiuliza ni maji gani. Anatoa kichupa cha nitrati ya fedha iliyoyeyushwa na kudondosha matone kwenye katoni iliyolowa. Tone likigeuka jeupe kama maziwa, hapo pana chumvi, na dalili ni kwamba maji ya bahari yamepita. Likibaki jinsi lilivyo, basi ni mvua, au ni jasho la kontena lenyewe: unyevu uliotoka kwenye mbao za palati zisizokauka na kwenye katoni, ukapanda hadi kwenye bati la juu, bati likapoa usiku, unyevu ukawa matone yakaanza kudondokea mzigo. Mwenye B anauombea ule weupe utokee. Mwenye C hata akiuona haumsaidii, maana maji kuingia kwenye kontena hakumo kwenye orodha yake, labda kama yameingia kwa sababu meli ilizama au ilikwama. Mwenye A maji ya bahari na ya mvua yote yanampa haki ya kudai, na ugomvi unabaki kwenye jasho, ambapo sisi tutauliza kama tatizo lilikuwa ndani ya bidhaa na ufungaji wake tangu mwanzo.

Maana hata A ina milango iliyofungwa. Hailipi kuharibika kunakotokana na asili ya bidhaa yenyewe, kama tunda kuiva na kuoza. Hailipi ufungaji usiotosha kwa safari, wala kupungua uzito kwa kawaida. Hailipi ucheleweshaji, hata ucheleweshaji wenyewe ukiwa umeletwa na ajali ambayo tungeilipia. Na kama kontena lilikuwa bovu na wewe au watu wako mliolipakia mlijua hilo, msije kwangu. Kuna njia ya kulipima isiyo na gharama: mtu aingie ndani, milango ifungwe, atulie kidogo gizani na aangalie juu na pembeni. Panapopita mwanga maji nayo yatapita. Ni ajabu jinsi watu wanavyopakia mali ya mamilioni bila kufanya hivyo.

Wapo wanaoniambia, "Bima ya nini, si meli italipa?" Italipa kwa kipimo chake. Chini ya kanuni za Hague-Visby, ambazo mikataba mingi ya usafirishaji baharini inazifuata, mwenye meli hawajibiki kwa kosa la nahodha au mabaharia katika kuiongoza meli. Meli ikipanda mwamba kwa uzembe wa aliyeshika usukani, mzigo wako ni juu yako. Moto nao hauwajibikii, isipokuwa umetokana na kosa lake mwenyewe. Na pale anapowajibika, ukomo ni SDR 666.67 kwa kila furushi au SDR 2 kwa kila kilo, kile kilicho kikubwa. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Hapo hesabu ya mafurushi ina maana kubwa: hati ya shehena ikiandikwa "kontena moja" bila kutaja katoni zilizomo, kontena zima linaweza kuhesabiwa furushi moja. Mweleze wakala wako aandike idadi ya katoni. Ni mstari mmoja tu wa kuchapa.

Jambo ambalo watu wanalielewa kwa shida kuliko yote ni hasara ya pamoja. Mali yako haijaguswa, haijalowa, iko salama ndani ya kontena, na bado unatakiwa kutoa pesa ndipo uichukue. Mteja akisikia hivyo anadhani ni utapeli wa bandarini. Si utapeli, na ni sheria ya zamani kuliko bima yenyewe. Nahodha akitoa kafara sehemu ya mali au akitumia gharama zisizo za kawaida ili kuiokoa safari nzima, kila aliyeokolewa anachangia kwa kadiri ya thamani ya mali yake. Mahesabu yake hufuata Kanuni za York-Antwerp, zilizorekebishwa karibuni mwaka 2016. Wasomaji wenu wanaikumbuka meli ya Ever Given iliyoziba Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 hadi ikanasuliwa tarehe 29. Picha zake zilienea sana. Kilichoandikwa kwa uchache ni kwamba mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, na wenye maelfu ya makontena yaliyokuwa juu yake wakaambiwa watoe dhamana.

Mfano mkali zaidi ni Maersk Honam, iliyoshika moto Bahari ya Arabia mwezi Machi 2018, mabaharia watano wakapoteza maisha. Wenye mizigo iliyopona walitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 42.5 ya thamani ya mzigo kwa ajili ya waokoaji na asilimia 11.5 kwa ajili ya hasara ya pamoja. Jumlisha: mwenye mali ya dola 100,000 alihitaji dhamana ya dola 54,000 kabla hajagusa katoni moja. Mwenye bima anasaini ahadi yake, kampuni ya bima inatoa barua ya dhamana, mzigo unatoka. Asiye na bima anatafuta fedha taslimu. Na hapa C, niliyoisema vibaya hapo juu, inastahili sifa yake: mchango wa hasara ya pamoja unalipwa na zote tatu.

Lipo jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Thamani ya bima hufuata ankara. Utaratibu wa CIF ni kukatia bima angalau asilimia 110 ya bei iliyo kwenye mkataba, ile kumi ya juu ikiwa ni ya gharama na faida uliyoitarajia. Sasa mtu anaandikisha ankara ya nusu bei ili apunguze ushuru, bima inakatwa kwa nusu hiyo hiyo, mzigo unapotea, kisha anakuja na ankara nyingine mkononi. Ipi niiamini? Sitalipa kwa ankara ambayo forodha haijawahi kuiona. Mkataba wa bima umejengwa juu ya pande zote kusema kweli, na aliyeficha thamani amejikatia bima nusu mwenyewe.

Vilevile kuna suala la siku. Bima ya safari huanza mzigo unapoinuliwa ghalani kwa ajili ya kupakiwa moja kwa moja, na kwa kawaida huisha unapomaliza kushushwa kwenye ghala la mwisho. Lakini ina kikomo: siku 60 baada ya kushushwa kutoka melini kwenye bandari ya mwisho. Ukiuacha mzigo bandarini kwa sababu fedha ya ushuru haijapatikana, siku zinahesabika. Na ukiamua kuligeuza kontena kuwa stoo yako, bima imekoma hapo hapo hata kama ni siku ya tano.

Siku ya kupokea, angalia namba ya lakiri na uilinganishe na iliyo kwenye hati kabla hujaikata. Piga picha mlango ukiwa bado umefungwa. Ukiona dosari, iandike kwenye karatasi ya makabidhiano kabla ya kusaini. Usisaini "imepokelewa salama" kwa kuwa dereva ana haraka. Uharibifu usioonekana kwa nje, mjulishe msafirishaji kwa maandishi ndani ya siku tatu. Kesi dhidi yake ina mwaka mmoja tu tangu mzigo ulipokabidhiwa. Sisi tukishakulipa tunasimama mahali pako kumdai yeye, kwa hiyo ukituharibia haki hiyo usishangae tukiuliza. Na katoni zilizolowa zitenganishe na kavu siku hiyohiyo, usizikalie ukingoja mkaguzi. Masharti yanakutaka ufanye kila jambo la busara kupunguza hasara, na gharama halali za kazi hiyo zinarudishwa.

Mwisho ni vita, kwa kuwa tangu mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaanze Novemba 2023 naulizwa karibu kila wiki. Vita haimo hata kwenye A. Migomo na ghasia pia. Hukatiwa kwa masharti ya pembeni, kwa malipo ya ziada, na ile ya vita inakulinda mzigo ukiwa melini tu: tangu unapopakiwa hadi unaposhushwa, au siku 15 baada ya meli kufika bandari ya mwisho kama bado haujashushwa. Ghalani na barabarani haipo. Meli iliyozunguka Rasi ya Tumaini Jema ili kuikwepa bahari hiyo ikachelewa, hasara ya kuchelewa soko hailipwi na bima ya mzigo, na nauli iliyoongezwa hailipwi pia. Kampuni nyingi zimejiwekea haki ya kusitisha bima ya vita kwa taarifa ya siku saba, ingawa safari iliyokwisha kuanza haiguswi. Anayeagiza kupitia njia hizo aulize kabla meli haijang'oa nanga, na jibu alipate kwa maandishi.

Wenu,
Karani wa madai ya mizigo