Shukrani kwa fundi wa taa wa Malindi

Fundi uliyetupokea magharibi ile karibu na stendi ya Malindi, ahsante, na tunaisema hadharani. Spotilaiti mbili za gari letu, za wati 55 kila moja, zilikuwa zikififia kila tukishika njia ya Garsen, na swichi inanuka plastiki inayoungua. Ukafungua, ukatuonyesha: ampea tisa na ushei zote zikipita kwenye waya mwembamba na swichi ya dashibodi. Ukafunga rilei ya ampea 30, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, ukavuta waya mnene wa milimita mraba 2.5 kutoka betri, na fyuzi ya 15 ukaiweka jirani na betri, maana waya ukichubuka njiani lazima ikatike hapo. Waya wa kuamsha rilei ukautoa kwenye fulu, yaani taa kubwa za mbali, ili dereva akishusha taa, spoti nazo zizime. Wanaokuja mbele nao wana deni kwako!

Athi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ndiyo uliyoihangaikia zaidi. Chumvi ya bahari ilikuwa imeila boliti yake. Ukapiga msasa hadi chuma kikang'aa, ukakaza, ndipo ukapaka grisi. Kwenye taa mita ilisoma volti 10.6 mwanzo; baadaye, injini ikiwa inanguruma, 13.4. Na nyongeza ya malipo ya usiku ukaikataa.

Nanyi mafundi wengine, pimeni volti pale pale kwenye taa kabla ya kumuuzia mtu balbu mpya.