Barua ya wazi kwa vijana mnaosimamia kurasa za biashara za watu mitandaoni

Wajukuu zangu,

Wengi wenu mnamtaja Gary Vaynerchuk, mfanyabiashara wa Marekani anayewafundisha watu kuuza mitandaoni, kama mfano wa kuigwa, na si vibaya. Ila naona mnamsoma kuanzia mkiani. Mnaanza na kitabu na jukwaa la kuhutubia, mnagusa kidogo kampuni ya matangazo, na duka mnaliruka kabisa. Yeye alianzia dukani.

Hebu hesabuni miaka. Alizaliwa 1975 mjini Babruysk, Belarus ya leo, akapelekwa Marekani 1978 akiwa bado mdogo. Baba yake alikuwa na duka la pombe Springfield, New Jersey. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kijana akalishika duka hilo, likawa Wine Library, akaanza kuuza kwa intaneti. Mwaka 2006 akaanza kutoa video za kuonja na kueleza mvinyo, na hadi 2011 zilikuwa zimefika vipindi 1,000. Kampuni ya matangazo, VaynerMedia, aliianzisha na mdogo wake AJ mwaka 2009, na kitabu chake cha kwanza cha biashara, Crush It!, kikatoka mwaka huohuo. Yaani alipoanza kuwashauri wengine, alikuwa na takribani miaka kumi ya kuuza kwa mkono wake mwenyewe. (Mvinyo si biashara ya kila nyumba, wala siwaelekezi huko. Nachukua mpangilio wa kazi tu.)

Dukani ndipo mtu anapojifunza hesabu, na hesabu ndiyo inayowaponza. Tuseme mteja wenu anauza viatu, kila jozi inamwachia faida ya shilingi 15,000. Mmelipia tangazo la 200,000. Watu 40 wamekuja inboksi, wanane wamenunua jozi mojamoja. Nyinyi mnamwandikia ripoti kwamba watu maelfu wameliona tangazo. Yeye anagawa 200,000 kwa wanane, anakuta kila mnunuzi amemgharimu 25,000. Amepoteza 10,000 kwa kila jozi, na ujira wenu bado hajaulipa. Hapo msimlaumu akiwaacha.

Dawa yake si kuongeza bajeti. Kaeni msome mazungumzo yote 40, moja baada ya jingine, mwandike kila mmoja wa wale 32 alipotelea wapi. Kwa kawaida mtakuta sababu nne: amejibiwa baada ya saa tano, saizi yake haikuwepo, nauli ya kumfikishia mzigo ameambiwa mwisho kabisa, au alikuwa anauliza bei tu na ilikuwa juu ya uwezo wake. Huyu wa mwisho mmemwita nyinyi wenyewe kwa kuandika "njoo inboksi kwa bei". Wekeni bei kwenye picha. Wanaouliza watapungua, na wanaobaki ni wa kununua. Kisha fuatilieni kwa miezi mitatu nani amerudi kununua tena, maana mteja aliyegharimu 25,000 akirudi mara mbili hesabu inageuka. Bila daftari la wanaorudi, hamtajua kama tangazo lilikula au lililipa.

Jambo la pili ni umiliki. Ukurasa wa mteja ufunguliwe kwa namba ya simu na barua pepe yake, nyinyi mpewe ruhusa ya kuuendesha. Msiufungue kwa akaunti zenu "ili mambo yaende haraka". Simu ikiibwa, au mfanyakazi aliyesajili laini akiondoka, wafuasi wa miaka mitatu wanakwenda naye. Washeni uthibitisho wa hatua mbili (nenosiri pamoja na namba ya siri ya ziada) siku hiyohiyo, na mteja atunze kwenye karatasi zile namba za akiba za kuingilia simu ikipotea. Fedha ya matangazo nayo ikatwe kwenye kadi ya mteja moja kwa moja. Ikipita mfukoni mwenu, akichelewa kulipa mmekuwa mabenki, tena bila riba.

Kwenye mkataba andikeni idadi ya machapisho kwa wiki, siku za kupiga picha, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na nani anajibu ujumbe usiku. Hili la usiku ndilo linalovunja makubaliano mengi.

Kuhusu namba za wateja: orodha ya kutuma ujumbe ya WhatsApp inabeba watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya duka. Ndiyo maana mnatuma mia mbili na wanaopata ni thelathini. Mteja akilipa, mwombeni palepale aihifadhi namba, na mwulizeni kama anaridhia kutumiwa matoleo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya ina yake tangu 2019. Kununua orodha ya namba za watu mtaani ni kosa, na tena haziuzi.

Sasa kitabu, maana najua wengi mna muswada. Kitabu cha kazi hii kinatokana na maswali. Kila swali ambalo wateja tofauti wamewauliza zaidi ya mara tano ni sura; lililoulizwa mara moja ni aya. Msijaze maelezo ya vitufe vya programu, vinahamishwa kila mwaka na kitabu kinazeeka kikiwa bado dukani. Elezeni namna ya kupiga hesabu, kupanga bei na kumjibu mtu aliyekasirika.

Namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba kwa Tanzania, na huduma ya maktaba ya taifa kwa Kenya. Mashine kubwa za uchapaji mara nyingi hukunja karatasi kwa kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 130 hulipiwa kama cha 144. Punguzeni kurasa mbili kiwe 128. Msikimbilie kuchapa nakala 1,000 kwa sababu bei ya moja inashuka. Kusanyeni kwanza oda zilizolipiwa, mchape kwa idadi hiyo na ziada kidogo. Na kabla mashine haijawashwa, ombeni nakala moja ya majaribio, muisome kwa sauti wawili wawili, mmoja akishika muswada na mwingine akishika kitabu.

Mimi babu yenu katika kazi hii.