Barua ya Malalamiko Kuhusu Rejeta na Feni Nilizouziwa kwa Kompyuta Isiyo na Kelele

Dar es Salaam,
12 Machi 2024

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Duka la Vifaa vya Kompyuta.

Ndugu Meneja,

YAH: KURUDISHA REJETA MOJA YA MILIMITA 360 NA FENI TATU NILIZONUNUA TAREHE 16 JANUARI 2024

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu ninayeendesha studio ndogo Sinza, katika chumba kimoja ambamo narekodi hadithi za watoto na kutengeneza katuni zake. Bibi anayesimulia huketi umbali wa mita moja na nusu kutoka ilipo kompyuta, na wakati yeye akisimulia hadithi ya leo, mashine huwa inachakata katuni za hadithi ya jana. Tunaporekodi huzima kiyoyozi na kufunga madirisha, hivyo joto la chumba katika miezi hii hufika nyuzi 31. Yote haya niliwaandikia tarehe 9 Januari, kabla sijalipa hata shilingi moja, kwa kuwa kompyuta hii hupozwa kwa maji yanayobeba joto la vifaa hadi kwenye rejeta, ambako feni huyapoza kwa hewa ya chumba, nami nilifahamu kwamba maji hayo hayawezi kupoa chini ya joto la chumba, na kwamba ushauri unaomfaa mtu wa Ulaya wakati wa baridi huenda usitufae sisi wa Dar es Salaam mwezi Februari.

Katika ujumbe huo nilitaja pia vifaa vitakavyopozwa. Prosesa ni Ryzen 9 5950X, ambayo kwa mpangilio wa kiwandani huruhusiwa kutumia hadi wati 142, na kadi ya grafiki ni GeForce RTX 3080 ya wati 320. Kazi ya katuni huielemea zaidi kadi ya grafiki, na programu ninayotumia kupimia huonyesha jumla ya wati 380 hivi kwa vyote viwili. Ombi langu lilikuwa moja: feni zisizidi mizunguko 900 kwa dakika wakati wa kurekodi, na maji yasipande sana kupita nyuzi 45. Mshauri wenu wa mauzo alijibu siku iliyofuata kwamba rejeta moja ya milimita 360, yenye unene wa milimita 60 na mapezi 22 kwa kila inchi (yaani vile vibati vyembamba ambavyo hewa hupita kati yake), ingenitosha na kubaki, na kwamba feni tatu alizonichagulia ni za kimya kabisa kwa sababu zimeandikwa desibeli 21. Nililipa shilingi 645,000 kwa kuliamini jibu hilo.

Mambo hayakuwa hivyo. Siku ya kwanza ya kazi niliziweka feni kwenye mizunguko 900, na baada ya dakika 40 maji yalikuwa yamepita nyuzi 55 na bado yanapanda, nikalazimika kusimamisha kazi. Ili maji yatulie kwenye nyuzi 46 ilibidi feni zizunguke mara 1,750 kwa dakika. Nilirekodi ukimya wa chumba kwa maikrofoni ileile bila kugusa kitufe chochote, na kelele kati ya hali hizo mbili ilitofautiana kwa desibeli 14. Tofauti hiyo haikunishangaza, kwa sababu kasi ya feni ikiongezeka mara mbili kelele yake hupanda kwa takriban desibeli 15, na sikio la binadamu huhesabu ongezeko la desibeli 10 kuwa sauti imekuwa kubwa karibu maradufu. Jambo lililonisikitisha ni kwamba kampuni inayouza vifaa hivi kila siku haikulifikiria hilo kabla ya kunijibu.

Naomba nieleze kwa nini mchanganyiko huo usingeweza kufanya kazi niliyoitaja, ili isionekane kwamba nalalamika kwa sababu ya kuchagua masikio yangu kuwa kipimo. Rejeta haipozi kwa unene wake. Hupoza kwa hewa inayopita kati ya mapezi na kutoka na joto upande wa pili. Mapezi yakibanana, na njia ya hewa ikawa ndefu milimita 60, hewa hukutana na upinzani mkubwa, na shinikizo ambalo feni huweza kulitoa hushuka haraka zaidi kuliko kasi yake: kasi ikipungua nusu, shinikizo hubaki robo. Kwa hiyo feni iliyokuwa ikisukuma vizuri kwa kasi ya juu huanza kupwaya mbele ya mapezi hayo inapopunguzwa. Tukikadiria kwamba kila feni, kwa mizunguko 900, ilipitisha mita za ujazo 20 za hewa kwa saa kwenye rejeta ile, zote tatu zinafanya 60. Hewa kiasi hicho ikibeba wati 380 hutoka ikiwa imepanda karibu nyuzi 20, na chumba kikiwa na nyuzi 31 maana yake maji lazima yawe zaidi ya 51, hata rejeta iwe ya dhahabu. Hesabu hiyo huchukua dakika mbili kwa kikokotoo cha simu.

Sisemi kwamba rejeta hiyo ni mbovu. Ni ya shaba, haivuji, viungio vyake vimechomelewa kwa usafi, na yupo mteja ambaye ingemfaa sana, yaani yule mwenye nafasi moja tu ya rejeta, asiyejali kelele, anayeacha feni zizunguke mara 2,000 au zaidi. Mimi siye mteja huyo, na nilijieleza mapema.

Kwa upande wa feni nina mambo mawili. La kwanza ni la ile namba 21. Ukurasa wenu wa bidhaa hautaji namba hiyo ilipimwa kwa kasi gani wala kwa umbali gani, na ninaamini ni ya feni moja iliyoachwa huru bila kizuizi. Feni tatu zinazofanana zikizunguka pamoja huongeza karibu desibeli 5 juu ya ile moja, na hapo bado hatujaziweka mbele ya rejeta. Nilishika moja mkononi ikiwa kwenye mizunguko 1,100 na ilikuwa na sauti ya upepo tu. Nilipoisogeza hadi ikagusa rejeta, upepo ule uligeuka mvumo mmoja mnene, kama wa nyuki waliofungiwa ndani ya mzinga. Nilipoweka fremu tupu ya milimita 20 kati ya feni na mapezi, mvumo ulipungua sana. Hali hii inafahamika kwa wanaofunga mifumo ya maji, kwa kuwa mapanga ya feni yanapopita karibu mno na mapezi huikatakata hewa katika mapigo ya kulingana, na sauti ya mapigo yanayolingana huchosha kuliko kelele iliyotawanyika yenye desibeli zilezile. Mtengenezaji makini hutoa namba zote kwa pamoja. Noctua, kwa mfano, kwa feni yake ya NF-A12x25 hueleza mizunguko 2,000, mita za ujazo 102.1 kwa saa, shinikizo la milimita 2.34 za maji na desibeli 22.6, na mnunuzi akiziona hizo zote huweza kukisia feni itakavyokuwa mbele ya rejeta. Kwenu niliona desibeli na maneno "hewa nyingi" peke yake. Shinikizo halikutajwa, ilhali kwa feni ya rejeta hiyo ndiyo namba ya kutazama mwanzo.

Jambo la pili ni fupi. Ankara yenu inasema feni za waya nne, na zilizoletwa ni za waya tatu. Ile ya waya nne huongozwa kwa mapigo ya umeme ya takriban kilohezi 25, juu ya uwezo wa sikio kusikia, na huweza kushushwa kasi taratibu. Hizi hupunguzwa kwa kushusha volti, na moja kati ya hizo tatu husimama kabisa chini ya volti 6.

Nilipowapigia simu tarehe 2 Februari, fundi wenu alinishauri ninunue pampu yenye nguvu zaidi. Pampu niliyo nayo inapitisha lita 3 kwa dakika, na kwa mzunguko huo wati 380 hubadilisha joto la maji kwa nyuzi zisizofika 2 kati ya sehemu yenye joto zaidi na yenye joto dogo zaidi. Maji yanazunguka vya kutosha. Hewa ndiyo haipiti. Ushauri wake mwingine, wa kuongeza feni tatu upande wa pili wa rejeta, ungehitaji kina cha milimita 110 juu ya kasha la kompyuta ambalo vipimo vyake nilikuwa nimewatumia, na lina milimita 90.

Katikati ya Februari rafiki yangu aliniazima rejeta mbili za milimita 360, kila moja na unene wa milimita 30 na mapezi 12 kwa inchi, pamoja na feni zake sita. Moja niliifunga juu ya kasha na nyingine mbele. Kazi ileile, chumba kilekile cha nyuzi 31, feni zote zikiwa kwenye mizunguko 900, maji yalitulia kwenye nyuzi 44 na yakabaki hapo kwa saa tatu. Ni kweli kwamba feni sita zina kelele zaidi ya tatu za kasi hiyohiyo, lakini tofauti yake ni desibeli 3, kiasi kidogo mno ukilinganisha na zile 14. Siku hiyo bibi alianza na "Paukwa", na tuliposikiliza baadaye tulisikia hadi pumzi aliyoivuta kabla ya kuendelea. Katika rekodi za wiki zilizotangulia nililazimika kuondoa kelele kwa programu, na kelele ya upepo hukaa palepale zinapokaa sauti za s, sh na f, kwa hiyo kila ulichofuta hufutika pamoja na ncha za maneno, na mnong'ono wa sungura anapomdanganya fisi huwa kama umefunikwa blanketi. Hadithi nne zimeharibika hivyo. Bibi ana umri mkubwa, na sipendi kumwomba arudie.

Vifaa vya kuazima nimevirudisha, na studio imesimama tangu tarehe 24 Februari.

Jibu lenu la maandishi, lililofika tarehe 5 Machi, linasema bidhaa si mbovu na kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa heshima zote sikubaliani nalo. Mteja aliyetaja matumizi yake kwa maandishi, akategemea utaalamu wa muuzaji katika kuchagua, ana haki ya kupata kitu kinachofaa kwa matumizi hayo chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, na feni ya waya tatu iliyoandikwa ya waya nne si bidhaa iliyonunuliwa, iwe nzima au mbovu.

Ninaomba mzichukue rejeta na feni zote tatu, na mnirudishie shilingi 645,000 au mnipatie badala yake rejeta mbili za milimita 360 zenye unene wa milimita 30 na mapezi yasiyozidi 12 kwa inchi, pamoja na feni sita za waya nne zinazoonyesha shinikizo lake, nami nitalipa tofauti ya bei ikiwepo. Ninaomba pia ukurasa wenu uoneshe unene na idadi ya mapezi kwa kila rejeta, na kwa kila feni kasi ambayo desibeli zake zilipimwa. Hili la mwisho halinirudishii chochote, lakini wapo watangazaji, watafsiri na walimu wanaorekodi vyumbani kwao kama mimi, na watasoma ukurasa huohuo.

Rejeta nimeisuuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke, nimeikausha, nimeziba matundu yake na kuirudisha kwenye boksi lake pamoja na skrubu zote. Nimeambatisha nakala ya ankara, ujumbe wangu wa tarehe 9 Januari na jibu lake, picha za viunganishi vya feni, na rekodi mbili za sekunde 30 za chumba kikiwa kitupu, moja kwa kila mfumo. Nipo tayari fundi wenu aje Sinza na kipimajoto chake apime mwenyewe, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Nisipopata majibu ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii, nitaiwasilisha pamoja na viambatisho vyake kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia ulinzi wa mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Wako mwaminifu,

(sahihi)
Mteja wa ankara ya tarehe 16 Januari 2024