Barua kwa mwanangu anayekwenda kushona Mumbai

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Mama yako ameniambia kwamba tiketi imekwisha kukatwa, na kwamba kazi yenyewe ni ya chumba cha mavazi ya tamthilia za televisheni za Kihindi, huko Goregaon, mtaa wa Mumbai. Nimefurahi, ingawa ningependa kulisikia hilo kinywani mwako kabla halijafika kwa majirani. Sihofii Mumbai, wala treni zake, wala chakula. Nahofia utashona nguo ambayo mvaaji hakuichagua, kisha lawama zimwangukie yeye.

Tamthilia hizo umezitazama miaka yote. Sasa zitazame kifundi. Mke mwema, kama Tulsi wa Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi iliyoanza mwaka 2000, huvaa sari, mkufu wa ndoa na sinduri, ule unga mwekundu wa mke aliyeolewa, kwenye njia ya nywele, na hata akiamshwa usiku wa manane hukutwa amejipamba vilevile. Mbaya wa hadithi, wa aina ya Komolika wa tamthilia ya Kasautii Zindagii Kay, mara nyingi naye huvaa sari. Ubaya wake hushonwa kwenye blauzi: mgongo huachwa wazi, mkono hukatwa, ncha ya sari hukunjwa ikawa nyembamba begani badala ya kutandazwa, na bindi, kile kidoti cha katikati ya paji, hukuzwa mpaka lijaze paji. Hajatamka neno, na mtazamaji ameshamhukumu. Hukumu hiyo ndiyo utakayolipwa kuishona, na ni kazi ya ufundi mkubwa ambao mkono wako unauweza.

Mkumbuke Mandira Bedi, yule mwigizaji na mtangazaji wa India. Katika Kombe la Dunia la Kriketi la mwaka 2003, lile ambalo Kenya yetu ilifika nusu fainali, alitangaza akiwa na sari na blauzi ya vikamba vyembamba, watu wakaacha kujadili mchezo wakajadili mabega yake. Mwaka 2007 akavaa sari yenye bendera za nchi zilizoshiriki, ya India ikiwa chini ya goti, zikazuka ghadhabu. Sari ile ilikuwa na mbunifu wake na mafundi wake, lakini aliyetakiwa kuomba radhi, na akaomba, ni yule aliyekuwa ndani yake. Basi muulize mvaaji, Zuhura. Kabla hujatia mkasi, muulize kama shingo ile anairidhia.

Utaambiwa hakuna muda, kwa kuwa vipindi hurushwa karibu kila siku na nguo hutakiwa asubuhi. Muulize wakati unampima, kwani futi ya kupimia haizibi mdomo. Wala usiende kumfunika mtu kwa sababu wewe umelelewa kwenye buibui. Yuko atakayetaka mikono mifupi na yuko atakayechoka kuvishwa sari nzito na dhahabu ya bandia hata kwenye tukio la kulala. Dipika Chikhlia, aliyeigiza Sita, mungu wa kike wa Wahindu, kwenye tamthilia ya Ramayan ya Doordarshan, televisheni ya taifa ya India, kuanzia mwaka 1987, watu walimwinamia miguuni kama mungu mwenyewe, na sidhani mtu anayeinamiwa hivyo anabaki na uhuru wa kuchagua gauni la kwendea sokoni. Kwa hiyo heshima nayo hubana, wala si aibu peke yake. Muulize.

Mama yako amesoma hapa juu ya bega langu akacheka, akasema dukani mimi huwauliza mama wakwe, si mabibi harusi. Hayo tutayazungumza siku nyingine.

Cherehani yako nimeitia mafuta na mdogo wako ameanza kuitumia, ingawa bado anavuta kitambaa badala ya kukiongoza. Mama anataka kujua kama utapata jiko la kupikia. Ukipita kwenye maduka ya jumla, niulizie bei ya vile vishikizo vya chuma vya mgongo wa blauzi, vile vidogo visivyoshika kutu, maana vya hapa hukatika mteja akiwa ukumbini.

Baba yako