Mjadala wa Alhamisi: Elimu ya Mungu

Ndugu wanakikundi, assalamu alaykum. Swali letu ni hili: Mungu anajua nini, na anakijua kwa njia gani? Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alishikilia kwamba Mungu huifikiri nafsi yake tu, kwa kuwa kufikiri kilicho duni kungempunguzia ukamilifu. Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu aliyefariki mwaka 1037, alisema Mungu hujua hata mambo madogo madogo, ila kwa njia ya jumla, kupitia sababu zake, kama mwanafalaki (mtaalamu wa nyota) anayejua kupatwa kwa jua kutokana na kanuni za mbingu bila elimu yake kubadilika tukio linapopita. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyewapinga wanafalsafa, hakuridhika (na hapo, kwa maoni yangu, ana hoja nzito), akauliza Mungu huyo atajuaje kwamba mtu mmoja mahususi, tuseme Zaid, ametii au ameasi. Tafadhali someni suala la 13 la Tahafut al-Falasifa, kitabu cha Al-Ghazali cha kuwapinga wanafalsafa, kisha majibu ya Ibn Rushd, mwanafalsafa aliyewatetea.