Mwalimu, walio nyuma hawana kosa

Dar es Salaam, 9 Juni

Mwalimu wangu,

Salamu nyingi, na shikamoo ya bibi umfikishie mapema kabla hajanilalamikia kwa simu. Huku wazima, masika yamekwisha, mengine ni yale yale. Sitarefusha salamu maana najua unasubiri jibu. Video uliyotuma nimeitazama yote, pamoja na ile sehemu ambayo mpiga picha wako alikuwa anatuonyesha mbuzi wa jirani.

Umeuliza kwa nini vijana wako wa frisbi (mchezo wa kurushiana diski, yaani kisahani chepesi, mpaka mmoja aidake ndani ya eneo la goli) wanafungwa na watoto wa kidato cha pili, na kwa nini wakiipata diski wanakimbia mpaka wanahema bila kufika popote. Nianze na kufungwa, kwa sababu ndiko ninakokuonea huruma zaidi, wewe na koo lako. Kila goli likiingia unasikika ukipiga kelele, "Nyuma mnalala!" Nyuma hawalali, Mwalimu. Tazama tena goli la pili na la tatu. Mabeki wamesimama mahali pazuri kabisa, diski ikapita upande ambao hawakupaswa kuulinda. Aliyeiachia ipite ni yule wa jezi ya njano, aliyekuwa anamkaba mrushaji, yaani mwenye diski mkononi.

Hapa mpira wa miguu unawapotosha. Kwenye mpira, beki anamkaba mtu wake kila upande na anaomba Mungu. Kwenye frisbi hilo haliwezekani: uwanja una upana wa mita 37, eneo la kuchezea kati ya mistari ya magoli lina urefu wa mita 64, na mshambuliaji ndiye anayejua atageukia wapi. Basi ulinzi unagawana kazi. Anayemkaba mrushaji anafunga nusu moja ya uwanja, wenzake sita wanalinda nusu iliyobaki. Akilegea yeye, wale sita wote wako mahali pasipo, hata wangekuwa na mbio za swala.

Kwa hiyo kabla ya kila pointi mkubaliane upande wa kuwalazimisha warushe. Msiseme "kulia" na "kushoto", mtagombana, kwa sababu kulia kwangu mimi niliyekutazama ni kushoto kwako. Tumieni vitu vilivyopo: "mabegi" na "miembe". Mkisema "mabegi", maana yake diski iruhusiwe kwenda upande yalikowekwa mabegi tu, na miembeni kumefungwa. Goli likiingia timu zinabadilishana pande za kushambulia, kwa hiyo tangazeni upya kila pointi. Mwanzoni chagua upande unaomlazimisha mtu wa mkono wa kulia kurusha fohendi, yaani mrusho wa upande wa mkono anaorushia. Wanaoanza karibu wote wana bekihendi (mrusho wa kuvusha mkono mbele ya mwili) nzuri na fohendi inayotetemeka hewani.

Sasa huyo wa jezi ya njano afanye nini. Mrushaji wa mkono wa kulia akitazama mbele, bekihendi yake inatokea kushoto kwake. Kijana wako asimame huko kushoto, mwili umekaa mshazari, si uso kwa uso kama anavyofanya sasa. Magoti yakunjwe, uzito uwe kwenye vidole vya miguu, mikono ipanuliwe chini usawa wa kiuno na magoti. Diski nyingi zinazopenya zinapita chini ya kwapa, wala si juu ya kichwa. Umbali: sheria inataka kati yake na mrushaji kubaki nafasi isiyopungua kipenyo cha diski, karibu sentimita 27. Akisogea mno ataitiwa kosa na hesabu ya sekunde za mrushaji itarudishwa nyuma. Ahesabu kwa sauti, kwanza aseme kwamba anaanza kuhesabu, kisha moja hadi kumi, kila namba ikipishana na nyingine kwa sekunde nzima. Anapoanza kutamka kumi na diski bado iko mkononi, imekuwa yenu. Kuhesabu kunaruhusiwa akiwa ndani ya mita tatu tu. Na mwambie Mrefu aache kukimbilia kusaidia, maana mtu wa pili akiingia ndani ya zile mita tatu bila kuwa na mtu wake wa kumkaba pale, hilo nalo ni kosa.

Kubwa kuliko yote: asirukie chenga. Mrushaji akijifanya anarusha bekihendi, kijana wako anaruka kushoto kwa miguu yote miwili, halafu fohendi inapita alipokuwa. Kazi yake si kuipiga diski chini. Kazi yake ni kukaa upande wake mpaka kumi. Akibahatika kuigusa, heri, lakini akiitafuta ataivunja ngome nzima. Asogee kwa hatua fupi za pembeni, asivuke upande hata akitukanwa.

Mabeki sasa. Kila mmoja akae upande ulio wazi wa mtu wake, yaani upande wa mabegi, hatua mbili hivi kutoka kwake, na kiuno kigeuzwe ili kwa jicho moja amwone mtu na kwa jingine aione diski. Akimwangalia mtu tu, diski itampita sikioni. Akiangalia diski tu, mtu atakuwa ameshafika Muheza. Diski ikiruka, yeyote aliyeiona apaze sauti, "Juu!", maana aliyeipa mgongo hana njia nyingine ya kujua. Na ikipenya upande uliofungwa, anayehesabu aseme mara moja, "Imevunjika!", ili wenzake wahamie. Kimya cha timu yako kwenye ile video kinatisha, kama wako kwenye mtihani.

Nimesema sana juu ya huyu mtu mmoja na bado nitamrudia. Twende kwenye kushambulia.

Wakipata diski, vijana wako watano wanaikimbilia kwa pamoja, kila mmoja "nipe, nipe", kama wapiga debe wa stendi waliomwona abiria mmoja mwenye begi. Kila mmoja anakuja na mkabaji wake, na mrushaji anajikuta na watu kumi mbele ya pua. Hiyo ndiyo sababu wanachoka bila kufika popote.

Anza na foleni. Wawili wabaki karibu na diski, tuwaite mahendla: mmoja anayo, mwenzake yuko nyuma yake kidogo kwa pembeni, mita tano hadi saba. Watano wengine wapange mstari katikati ya uwanja, kuelekea goli, wa kwanza akiwa mita kumi hivi kutoka kwenye diski na wengine wakipishana mita mbili mbili. Kazi ya foleni ni kuacha pande zote mbili tupu. Nafasi tupu ndiyo mnayoitafuta, na wao wanaijaza kwa kukimbia ovyo.

Mtu mmoja tu atoke kwa wakati mmoja, na kwa kuanzia awe wa mwisho wa foleni. Hatua tatu nne za nguvu kwenda mbali, kama anayetaka diski ndefu, mkabaji wake alazimike kugeuka. Kisha apige breki kwa mguu wa nje na kurudi kwa mshazari kuelekea upande ulio wazi, kwa kasi kuliko alivyokwenda. Asisimame kuisubiri diski. Anayesimama ndiye anayenyang'anywa, maana mkabaji wake hajasimama. Aipitie akiwa mbioni, aidake kifuani kwa mikono miwili, kiganja kimoja juu na kimoja chini. Kudaka kwa mkono mmoja waachie wanaotafuta picha za Instagram.

Asipopewa? Hapo ndipo wanapokwama wote. Akifika karibu na diski bila kupewa, amekwisha kuwa kizuizi. Aondoke palepale, apitie pembezoni kabisa mwa uwanja, arudi mkiani mwa foleni. Asitembee, asilalamike mikono kiunoni. Kuondoka kwake ndiko kunakomfungulia anayefuata, na anayefuata anapaswa kuanza mwenzake anapogeuka kuondoka, si baada ya mjadala. Ukifundisha jambo moja tu la kushambulia wiki hii, fundisha hili la kuondoka.

Mrushaji naye ana hesabu yake kichwani. Mbili tatu za kwanza anatazama mbele. Ikifika sita hajaona kitu, ageuze mwili mzima, si shingo tu, amtazame hendla mwenzake. Mwenzake anapoona kifua kimegeuka ndipo akimbie, ama arudi nyuma kwa pembeni, ama apite mbele kando ya mstari. Wengi wanangoja mpaka nane, wanashikwa na hofu, wanarusha ndefu kwa yeyote. Pasi ya kurudi nyuma si aibu. Diski ikihamia upande wa pili wa uwanja, wakabaji wote wamekaa vibaya kwa sekunde mbili tatu, na hapo pasi ya mbele inakuwa rahisi.

Juu ya kurusha nina neno moja: mzunguko kwanza, nguvu baadaye. Diski ya gramu 175 isiyozunguka vizuri inapeperuka kama karatasi. Kifundo cha mkono kikatike ghafla mwishoni, na diski iachiwe ikiwa bapa. Mrushaji wa mkono wa kulia mguu wake wa kushoto unabaki umekanyaga, wa kulia ndio unaopiga hatua kushoto na kulia. Vijana wako wanarusha wakiwa wima kama mlingoti, ndiyo maana mikono ya mkabaji inawafikia.

Halafu kuna upepo, na nyie Tanga mnao wa kutosha. Kusi likivuma, diski inayoenda kinyume na upepo inainuka juu, inayoenda pamoja nao inadidimia. Mkiwa mnaulinda upande ambao wapinzani wanakwenda kinyume na upepo, unaweza kuacha kukaba mtu kwa mtu na kukaba eneo: watatu wamzunguke mrushaji (mmoja anahesabu, wawili nje ya zile mita tatu), watatu wajaze katikati na pembeni, mmoja abaki nyuma kabisa. Mnawalazimisha warushe pasi nyingi mpaka mmoja aangushe. Lakini usiwafundishe hili kabla hawajajua kufunga upande. Ukaba eneo bila anayehesabu vizuri ni watu saba waliosimama kwenye jua.

Mengine mafupi mafupi. Mrusho wa wapinzani wa kuanzia pointi usipodakika vizuri, waache diski ianguke yenyewe. Wakiigusa ikawaponyoka hadi chini inakuwa ya wapinzani, na kwenye video hilo limetokea mara mbili. Ikitoka nje bila kuguswa, wanaweza kuanzia kwenye alama ya katikati iliyo mita 18 mbele ya mstari wa goli lao wenyewe, kwa hiyo aichore mtu hiyo alama, chokaa ipo. Na lile suala la refa, usimtafute. Hata kwenye mashindano ya dunia wachezaji wanaita faulo wenyewe. Aliyetendewa anasema, mwenzake anakubali au anakataa kwa maneno machache, wasipoafikiana diski kwa kawaida inarudi kwa aliyerusha. Yule mjomba mwenye filimbi mpe kazi ya maji.

Mazoezi: usianze na saba kwa saba. Chukua watu watatu watatu: mrushaji, anayemkaba, na mdakaji aliye mita kumi na mbili mbele. Mrushaji anajaribu kupitisha diski upande uliofungwa, mkabaji anahesabu na kuuzuia. Mipira mitano, samahani, diski tano, kisha wabadilishane. Upande ulio wazi hauhesabiwi kuwa ushindi wala kosa. Baada ya dakika kumi na tano utawajua wenye subira ya kuhesabu, na utashangaa, huenda si wale wenye mbio. Yule mdogo anayekaa benchi na kuchezea kokoto, nina wazo naye. Halafu watatu kwa watatu katika uwanja wa mita 20 kwa 30, sharti moja tu: asiyepewa akasimama mbele ya diski, timu yake imeipoteza. Wataelewa haraka kuliko maelezo yangu yote haya.

Nilitaka kukuandikia pia juu ya mrusho wa kupitisha juu ya kichwa, lakini hapana, wataanza kuurusha kila mahali. Tuuache.

Sasa nijibu na wewe. Bonanza ni Jumamosi ipi hasa, ya kwanza au ya mwisho wa mwezi? Mnacheza saba au mtapunguza mpaka watano ufukweni, kama alivyosema shemeji? Maana mchangani uwanja ni mfupi, na foleni inabidi niipange upya. Mna diski ngapi zenye uzito halisi, au bado mnatumia ile ya plastiki ya dukani? Una msichana au mvulana yeyote wa mkono wa kushoto? Usimfiche, anaharibu hesabu ya wapinzani wote. Jezi ya njano ni mtoto wa nani, na ukimwambia anasikia? Na lile deni la nauli, Chande amelipa au ndiyo tumesamehe?

Wako,
M.

Nikisahau: mwambie mpiga picha asimame nyuma ya goli na juu ya kitu, benchi au ngazi. Kwa pembeni foleni haionekani.